Mtu Bora ni Nani?

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu bora ni mwenye cheo. Sivyo. Mtu bora ni yule atimizaye wajibu wake, hata pasipo mtu wa kumwamuru.

Tarehe 1 Mei 1873 Daktari Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, wangaliweza kugawana vitu vyake na kwenda zao. Chuma alikuwa ameokolewa utumwani mwaka 1861. Hakuwa na cheo chochote. Lakini walizika moyo wa bwana wao chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauchukua kuelekea pwani. Wengi wakaugua njiani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wauzike huko, wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 wakawasili Bagamoyo pamoja na maandiko yake.

Vivyo hivyo mtoto atumwaye dukani, mama alindaye nyumba, na mzee aamuaye shauri: kila mmoja hupimwa kwa kazi aifanyayo asipoonwa na mtu.