Utangulizi: Hulka ya Mtu na Kazi Anayoipenda

Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 nchini Kenya, wakiwa wamechagua mkondo: sayansi na uhandisi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Huko Lodwar na Kakuma, katika kaunti ya Turkana, chaguo hilo liliwafikia watoto wa wafugaji, wavuvi, wachuuzi na wakimbizi. Taaluma ya hulka na mapendeleo ya kazi inachunguza swali linalotokana na chaguo hilo: anachokipenda mtu hutoka wapi?

Mwanasaikolojia wa Marekani John Holland, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1959, aliyapanga mapendeleo ya kazi katika makundi sita: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, huduma kwa watu, uongozi na biashara, na utunzaji wa kumbukumbu. Wengine walipima hulka kwa sifa tano: udadisi, bidii, uchangamfu, upole na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2002 mtafiti Lisa Larson na wenzake walijumlisha tafiti zilizolinganisha vipimo hivyo viwili. Wadadisi walivutwa na sanaa, kwa uhusiano wa takriban 0.48, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu. Wachangamfu walivutwa na uongozi na biashara, 0.41. Kazi za mikono hazikuambatana sana na hulka yoyote.

Hapo ndipo ninapokuomba utue. Mchungaji wa Turkana huchimba kisima katika mchanga wa laga, yaani mto mkavu wa msimu, husoma nyayo na mawingu, humwimbia fahali wake, humuuguza mtoto, hupatana na jirani juu ya malisho, na humjua kila mbuzi kwa rangi na uzao. Makundi yote sita yamo katika siku yake moja, ilhali dodoso la mapendeleo litamwandika kwenye makundi machache tu.

Tena, msichana aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, akiulizwa kama angependa kazi ya maabara naye hajapata kuiona, huenda akajibu hapana. Mshauri atadhani amepima hulka, kumbe amepima mlango uliofungwa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, onyesha kwanza, ndipo uulize. Mpeleke mwanafunzi kwa fundi wa kuchomelea, hospitalini, kwenye mashamba ya Mto Turkwel. Akirudi, mpe dodoso. Jibu atakaloandika siku hiyo litakuwa lake.