Mlima Hupandwa kwa Ngazi



Katika viwanda na mashamba ya chai ya Rusizi wako vijana wetu wanaotamani kupanda milima mirefu, na wengi wao huanza kwa kuulizia Kilimanjaro. Hamu hiyo ni njema. Lakini tuelewane tangu mwanzo: mlima mrefu huua, na huwaua hata wenye nguvu. Mchumaji anayebeba kikapu cha majani mabichi kutwa nzima ana miguu imara, ila miguu haimkingi na upungufu wa hewa. Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mwili huhitaji siku kadhaa ili kuzoea, na anayekimbia kwa kujiamini ndiye huugua mapema.

Kwa hiyo tunashauri milima ipangwe kwa ngazi, tukianzia hapa nyumbani.

Ngazi ya kwanza ni Bigugu, mita 2,950, katika msitu wa Nyungwe. Hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Hapo tunajaribu viatu, koti la mvua na mwendo wetu. Anayetoka kwenye joto la Bugarama asisahau sweta.

Ngazi ya pili ni Bisoke, mita 3,711, katika milima ya Virunga. Nayo ni kazi ya siku moja, lakini ina matope na mteremko mkali. Hapo ndipo mtu huanza kujua kama kichwa chake kinastahimili.

Ngazi ya tatu ni Karisimbi, mita 4,507, mlima mrefu kuliko yote nchini Rwanda. Huchukua siku mbili, na usiku hulaliwa mlimani kwenye baridi kali. Kwa kuwa mtu hupanda juu sana kwa muda mfupi, usiwe mlima wa kwanza wa mtu yeyote.

Baada ya hapo ndipo tuvuke mpaka, na hapa tusidanganywe na urefu. Kilimanjaro ni mrefu kuliko yote Afrika, lakini njia zake za kawaida ni za kutembea bila kamba. Ndivyo ilivyo pia Lenana, mita 4,985, katika Mlima Kenya. Lakini jirani yake Batian, mita 5,199, ni mwamba wa kupandwa kwa kamba na watu waliofundishwa. Margherita, mita 5,109, katika Ruwenzori, ina barafu. Historia yathibitisha: kilele cha Kilimanjaro kilifikiwa mwaka 1889, Batian mwaka 1899, na Margherita mwaka 1906.

Tuzingatie mambo haya:

Kwanza, katika safari ya siku nyingi, ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi.

Pili, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande zaidi. Mtu akiyumba kama mlevi, au akihema hali amepumzika, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Tatu, waongozaji na wapagazi ni wafanyakazi wenzetu. Tusiwatwike mizigo kupita kiasi, na mwongozaji akisema turudi, turudi.

Likizo yetu ya mwaka kwa sheria ya kazi ya 2018 huanzia siku 18 za kazi, na mishahara twaijua. Ngazi moja kwa mwaka yatosha. Tuchangishane katika vikundi vyetu vya akiba, twende pamoja, na tuchague miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba. Anayerudi mzima kutoka Bigugu mwaka huu ataweza kuiona Bisoke mwakani.