Petroli au dizeli: utamu wa kuendesha unatoka wapi?

Kuna ubishi ambao haukosi kijiweni: petroli na dizeli, ipi tamu kuendesha? Mwenye dizeli atakwambia gari yake "inavuta", ukigusa tu mafuta inaondoka. Mwenye petroli atamjibu kwamba hilo ni trekta, gari ni ile inayopanda mizunguko mpaka nywele zinasimama. Wanabishana mpaka kahawa inapoa, na cha ajabu ni kwamba wote wawili wanasema kweli.

Mimi ubishi huu nilikuwa naucheka tu, hadi siku uliponiweka uso kwa uso na basi.

Tulikuwa tunaelekea Iringa kuchukua sampuli za udongo. Gari ilikuwa pikapu ya dizeli, gia za mkono. Dereva wetu, mzee mmoja mpole ambaye wote tunamwita Babu, alikuwa amechoka, akaniambia nishike usukani. Sikuwa na wasiwasi. Nilijifunza udereva kwenye Starlet ya mjomba, na kwenye Starlet nilijua kupita malori: unashusha gia, unakanyaga mafuta mpaka chini, injini inapiga kelele, na kigari kinaruka.

Tulishamaliza kupanda Kitonga. Mbele kulikuwa na lori linajikongoja, barabara imenyooka, mstari wa katikati umekatika. Nikafanya kama nilivyozoea: nikashusha mpaka gia ya pili, nikakanyaga. Pikapu ikanguruma, mshale ukapanda ukapita 4,000, halafu… basi. Kelele ipo, mwendo hauongezeki. Niko sambamba na lori, na kule mbele kwenye kilima linatokeza basi.

"Panda gia! Weka tatu!" Babu aliniambia, hata hakupaza sauti sana. Nikaweka tatu. Kelele ikashuka, gari ikavuta kama imesukumwa mgongoni, nikarudi upande wangu. Tulikaa kimya kama kilomita mbili. Kisha akasema: "Kijana, dizeli haiendeshwi kwa kelele. Ikishalia vile, haina tena cha kukupa."

Niliporudi chuoni nilitaka kujua kwa nini. Majibu ndiyo haya.

Msokoto na nguvu ni vitu viwili

Fikiria watu wawili wanapanda mlima kwa baiskeli. Wa kwanza amebeba magunia mawili ya mkaa. Anasimama juu ya pedeli na kuikandamiza kwa uzito wake wote, polepole. Wa pili ni kijana mwenye baiskeli ya mashindano. Yeye anakanyaga kwa wepesi, ila miguu inazunguka kama feni.

Ule mkandamizo unaoizungusha pedeli ndio tunauita *msokoto*, na kipimo chake ni nyutoni-mita. Kasi ya kuzunguka kwa miguu ni *mizunguko kwa dakika*, ndiyo ile saa ya dashibodi iliyoandikwa RPM. Ukizidisha msokoto kwa mizunguko unapata *nguvu*, yaani kazi inayofanyika kila sekunde. Hesabu yake ni rahisi: msokoto mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,550, jibu ni kilowati.

Kwa hiyo mbeba mkaa na mwanamashindano wanaweza kuwa na nguvu sawa kabisa, ila njia zao ni tofauti. Dizeli ni mbeba mkaa, petroli ni mwanamashindano.

Tuchukue mfano wa gari tunayoiona kila siku, Toyota Prado ya kizazi cha 150. Kuanzia 2015 iliuzwa Japani na injini mbili zinazokaribiana ukubwa. Ya petroli ya lita 2.7 inatoa hospawa 163 ikifika mizunguko 5,200, na msokoto wake mkubwa ni nyutoni-mita 246. Ya dizeli ya lita 2.8 inatoa hospawa 177 kwenye mizunguko 3,400, na msokoto wake ni 450, tena kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,400.

Ukitazama hospawa peke yake, tofauti ni ndogo: kilowati 120 hivi dhidi ya 130. Lakini nani anaendesha kwenye mizunguko 5,200 kila siku? Hebu tupime pale 2,000, ambapo watu wengi wanashinda. Dizeli: 450 mara 2,000, gawanya kwa 9,550, ni kilowati 94. Petroli, hata tukiipendelea tukasema inatoa msokoto wake wote pale chini, inapata kilowati 52. Ni karibu mara mbili.

Hiyo ndiyo siri ya "inavuta". Mwenye dizeli hana nguvu nyingi kuliko mwenzake kwa kiasi anachodhani, ila nguvu yake iko pale mguu wake ulipo. Mwenye petroli naye anayo, lakini lazima aipandie juu kuifuata.

Kwa nini moja iko chini na nyingine iko juu?

Jibu liko kwenye namna mafuta yanavyowaka.

Kwenye injini nyingi za petroli, hewa na mafuta huchanganywa kwanza. Pistoni inaugandamiza mchanganyiko huo, plagi inatoa cheche, na moto unasambaa kama kwenye nyasi kavu. Injini ikizunguka haraka, hewa ndani ya silinda inavurugika zaidi, na moto nao unasambaa haraka zaidi. Ndiyo maana petroli haiogopi mizunguko. Honda S2000 iliyotoka 1999, yenye injini ya lita 2 tu, alama yake nyekundu ilianzia 9,000.

Dizeli haina plagi ya cheche. Inaingiza hewa peke yake na kuigandamiza sana, mara 15 hadi 20 hivi, wakati injini nyingi za petroli huishia mara 9 hadi 12. Hewa hiyo inapata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo ndipo nozeli inapopuliza mafuta, na yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alionyesha injini ya namna hii ikifanya kazi kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897.

Ila kuna gharama. Matone ya dizeli yanahitaji muda: yageuke mvuke, yachanganyike na hewa, ndipo yawake. Kwenye mizunguko 3,000 pistoni inatumia milisekunde 10 kwenda kutoka juu hadi chini. Kwenye 6,000 inatumia 5 tu. Dizeli haina nafasi ya kumaliza kazi yake. Isitoshe, kwa sababu ya shinikizo kubwa, pistoni na vyuma vyake vinatengenezwa vizito na imara. Chuma kizito hakipendi kurushwa juu na chini kwa kasi: ukizidisha mizunguko mara mbili, kani inayovivuta vyuma hivyo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo injini nyingi za dizeli za magari madogo zinaishia 4,500 hivi, na kabla ya kufika hapo pampu yenyewe inaanza kupunguza mafuta ili injini isijivunje. Ndicho kilichonikuta nikiwa ubavuni mwa lori.

Usisahau tabo

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa dizeli hawalisemi. Sehemu kubwa ya sifa zao ni ya tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi na kuisukuma hewa ya ziada ndani ya injini.

Ushahidi tunao barabarani. Land Cruiser nyingi za zamani, zile ngumu za kwenda porini, zina injini ya dizeli inayoitwa 1HZ. Ina lita 4.2 na haina tabo. Msokoto wake ni nyutoni-mita 285 tu. Linganisha na 450 za ile ya lita 2.8 yenye tabo: injini ndogo kwa theluthi moja inatoa msokoto mara moja na nusu.

Dizeli na tabo zinapendana kwa sababu maalumu. Petroli ukiishindilia hewa nyingi wakati mizunguko iko chini, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, na kugonga huko kunaharibu pistoni. Dizeli haina hofu hiyo, kwa sababu wakati hewa inagandamizwa mafuta bado hayajaingia. Lakini mambo yanabadilika. Injini mpya za petroli zenye tabo, zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, nazo zinatoa msokoto mwingi kuanzia chini ya mizunguko 2,000. Ukiendesha mojawapo bila kuambiwa, unaweza kudhani ni dizeli iliyofundishwa adabu ya kutopiga kelele.

Na tabo ina tabia yake. Mpaka moshi uwe mwingi wa kutosha kuizungusha, unakanyaga na kusubiri, kisha inakuja yote kwa pamoja. Wengine wanaupenda sana msukumo huo. Wengine, hasa wanaotaka gari iutii mguu papo hapo, unawaudhi.

Vitu vingine ambavyo mwili unavihisi

*Mlio.* Ile "ka-ka-ka" ya dizeli inatokea kwa sababu mafuta ya kwanza kuingia hukaa kidogo bila kuwaka, halafu yanawaka yote kwa mkupuo. Injini za kisasa zinapuliza kwanza tone dogo la kutangulia, ndipo zinapuliza mengine, na kugonga kunapungua. Petroli mlio wake unapanda pamoja na mizunguko kama mtu anayepandisha sauti ya wimbo, na ubongo unausoma mlio huo kama mwendo. Hata pale ambapo gari haiendi kasi sana, unahisi inaenda.

*Uzito.* Injini ya dizeli kwa kawaida ni nzito kuliko ya petroli ya ukubwa uleule, na uzito huo uko juu ya magurudumu ya mbele. Kwenye kona kali, pua nyepesi ya petroli inageuka kwa hiari zaidi.

*Mteremko.* Ukiachia mafuta kwenye petroli, kilango cha hewa kinajifunga na pistoni zinahangaika kuvuta hewa isiyopita. Gari inajizuia. Dizeli kwa kawaida haidhibitiwi kwa kilango hicho, kwa hiyo kujizuia kwake ni kudogo zaidi. Ndiyo sababu moja ya malori kufungiwa breki ya moshi, ile inayoziba njia ya moshi wakati wa kushuka. Kwa gari yoyote, mteremko mrefu unashukwa kwa gia ndogo, usiitegemee pedeli ya breki peke yake.

Je, dizeli ni ya mizigo tu?

Ukidhani hivyo, kumbuka mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mwaka 2006 yalishindwa na Audi R10, gari ya dizeli ya silinda 12 na lita 5.5. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dizeli kuibuka mshindi wa jumla pale. Ilikwenda kwa mizunguko ya chini kuliko wapinzani wake wa petroli, na ilikuwa kimya kiasi cha kuwashangaza watu waliozoea magari ya mbio yanayopasua masikio. Mwaka uliofuata na mwaka baada ya huo ikashinda tena. Kwa hiyo dizeli kasi inayo, ila inaifikia bila kupiga kelele nyingi.

Turudi barabarani

Kosa langu pale Iringa halikuwa la gari. Niliiomba dizeli nguvu mahali ambapo petroli huiweka. Na aliyezoea dizeli anafanya kosa hilohilo kinyume chake: anaingia kwenye gari ndogo ya petroli, anataka kumpita mtu akiwa gia ya tano kwenye mizunguko 2,000, anakanyaga, hakuna kitu, na basi linakuja.

Kwa hiyo kabla ya kupita gari nyingine, hasa kama unaendesha gari usiyoizoea, angalia saa ya mizunguko. Kama ni petroli isiyo na tabo, shusha gia ili uanzie kama 3,500 au 4,000, na uiache ipande. Kama ni dizeli yenye tabo, chagua gia itakayokuweka kama 2,000, na ubadilishe mapema, kabla haijaanza kulia. Na kama hujui gari yako inavutia wapi, ijaribu siku ambayo barabara ni tupu na huna haraka, usisubiri ukiwa ubavuni mwa lori.

Ukiniuliza ipi tamu, nitakujibu kwamba Starlet ya mjomba bado naikumbuka kila nikisikia injini ndogo inapanda mizunguko. Lakini kupanda Kitonga na sampuli kilo mia tatu nyuma, naomba pikapu. Siku hizi nikiiendesha nabadilisha gia kwenye 2,500 hivi. Babu hasemi kitu, ila macho yake bado yako kwenye mkono wangu wa gia.