Swichi ya mtandao: kisanduku kinachojifunza kwa kusikiliza

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na mahindi, kahawa ya Tarime, ng'ombe wa mnadani na fedha za kigeni pale Sirari. Wiki hii tunageukia bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi wa Tarime, Nyamongo na Mugumu huinunua bila kuuliza hata nusu ya maswali ambayo wangemwuliza muuza mbuzi. Ni swichi ya mtandao. Siyo ile ya taa. Ni kisanduku chenye matundu 5, 8, 16 au 24 kinachounganisha kompyuta ya kaunta, printa, kamera za ulinzi na mashine ya waifai.

Sababu ya kukizungumzia ni fedha. Wakala wa forodha mwenye ofisi Sirari, mpakani na Isebania ya Kenya, hutuma nyaraka zake kwa mtandao. Mtandao wa jengo ukilala, lori nalo hulala, na lori likilala yupo mtu anayelipia. Lawama hupelekwa haraka kwa kampuni ya simu, kumbe mara nyingine ugonjwa uko humo humo ndani ya jengo, katika kisanduku ambacho hakuna anayejua kinafanya nini.

Tuanze na anwani. Kila kifaa kinachochomekwa kwenye mtandao kimepewa namba kiwandani, ambayo mafundi huiita anwani ya MAC, yaani anwani ya maunzi. Ina biti 48 na huandikwa kwa tarakimu na herufi 12, kwa mfano 00:1A:2B:3C:4D:5E. Nusu ya kwanza humtambulisha mtengenezaji, naye hununua fungu lake kutoka IEEE, taasisi ya wahandisi yenye makao Marekani. Nusu ya pili huipanga mwenyewe, na fungu moja la namna hiyo linatosha vifaa zaidi ya milioni 16.

Wafugaji wa Mara wataelewa upesi: anwani hiyo ni kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Inakuambia ng'ombe ni wa nani, haikuambii yuko katika zizi lipi. Kujua zizi ndiyo kazi ya swichi.

Inafanyaje? Tuseme duka lina kompyuta kwenye tundu la 2 na printa kwenye tundu la 5. Data husafiri katika vifurushi vidogo ambavyo mafundi huviita fremu. Kwa kuwa kwetu fremu ni chumba cha duka cha kupanga, hapa tutasema bahasha. Kila bahasha ina anwani ya mpokeaji na anwani ya mtumaji. Swichi ikiwashwa haina orodha yoyote. Kompyuta inapotuma bahasha ya kwanza kwa printa, swichi husoma kwanza anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba mwenye anwani hii yuko tundu la 2. Kisha hutazama anwani ya mpokeaji. Haimjui. Basi hutoa nakala kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikotoka bahasha. Vifaa vingine vinaitupa, printa inaipokea na kujibu. Katika kujibu, nayo imejitambulisha: tundu la 5. Kuanzia hapo bahasha za hao wawili hupita kati ya tundu la 2 na la 5 tu, na jirani hasikii kitu.

Hakuna aliyeiandikia swichi orodha ya wateja. Imejifunza kwa kusikia nani anaongea kutokea wapi. Kifaa kikikaa kimya, kwa kawaida dakika 5, jina lake hufutwa. Kikihamishiwa tundu jingine, bahasha yake ya kwanza kutokea huko hurekebisha daftari. Ndiyo maana swichi ya bei ya chini hufanya kazi mara tu inapotolewa kwenye boksi, bila fundi. Aidha, umeme ukikatika jedwali lote hupotea, na ukirudi swichi hujifunza upya kwa muda mfupi. Jedwali hilo halimpi mtu hasara. Kinachochelewesha ni kompyuta na ruta kuamka. Mwenye kubana matumizi aweke betri ya akiba kwenye ruta na swichi kwanza.

Kabla ya swichi kulikuwa na habu, kisanduku kinachofanana nayo kwa sura lakini kisicho na akili: kila kilichoingia kilitoka kwenye matundu yote, na mashine zote ziligawana njia moja. Mbinu ya kujifunza anwani ilibuniwa katika kampuni ya DEC ya Marekani miaka ya 1980. Mwaka 1990 kampuni ndogo iitwayo Kalpana ikaiuza ndani ya kisanduku chenye matundu 7, na mwaka 1994 Cisco ikainunua Kalpana kwa zaidi ya dola milioni 200. Wawekezaji wadogo watambue kwamba kilichonunuliwa kwa fedha hizo kilikuwa ni daftari linalojiandika lenyewe.

Mkoa wa Mara wenyewe si mgeni katika mambo haya. Katika miaka ya 2000 mradi wa ICT4RD, uliowahusisha COSTECH, chuo cha DIT cha Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm, ulianzisha mtandao wa majaribio katika wilaya za Serengeti na Bunda kwa kutumia nyuzi za mkongo za TANESCO. Taarifa yake, iliyopewa jina la Serengeti Broadband, iliwasilishwa Seattle mwaka 2008. Watafiti hao baadaye waliandika kwa kirefu juu ya shida ya umeme wa kuendeshea vifaa vijijini, shida ambayo mwenye duka wa Mugumu haihitaji kusimuliwa.

Sasa tuje kwenye hasara. Ya kwanza ni mzunguko. Kijana anayefagia anaona waya unaning'inia, anauchomeka kwenye tundu lililo wazi, bila kujua kwamba ncha ya pili iko kwenye swichi hiyo hiyo. Zipo bahasha zinazotumwa kwa wote, kwa mfano kompyuta inapouliza nani mwenye namba fulani. Swichi huitoa bahasha hiyo matundu yote, nayo hurudi kupitia waya ule, hutolewa tena, hurudi tena. Bahasha hizi hazina kikomo cha safari. Ndani ya sekunde chache taa zote humeta kwa pamoja na jengo zima halina mtandao. Dawa ni kuchomoa waya mmoja mmoja hadi taa zitulie, si kumpigia simu mtoa huduma. Kinga iliyobuniwa na Radia Perlman wa DEC mwaka 1985 huziba njia ya ziada yenyewe, lakini swichi nyingi za bei rahisi hazina kinga hiyo. Kwenye jengo la wapangaji wengi, tofauti ya bei hurudi siku ya kwanza waya unapokosewa.

Ya pili ni kuamini kupita kiasi. Swichi humwamini kila anayejitambulisha. Mtu mwenye programu ya hila anaweza kuimiminia anwani za uongo hadi jedwali lijae, na hapo bahasha za wageni huanza kutoka matundu yote kama enzi za habu. Anaweza pia kuzidanganya kompyuta za jirani kwamba yeye ndiye ruta. Kwa hiyo anayegawia wapangaji wanane laini moja anunue swichi inayosimamiwa, ile inayoweza kumtenga kila mpangaji katika mtandao wake. Na kabla ya kuwatoza fedha, aulize TCRA kuhusu leseni.

Ya tatu inawahusu wenye nyumba za wageni wanaouza waifai kwa kuhesabu anwani za vifaa. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, zinaweza kujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao. Mgeni mmoja anaweza kuonekana wawili, na uliyemfungia jana akaingia leo. Vocha yenye namba ya siri ni salama zaidi.

Mwisho, anwani ya MAC haivuki ruta. Bahasha inayotoka Mugumu kwenda Dar es Salaam huchanwa kwenye ruta ya dukani, barua ya ndani ikatiwa bahasha mpya yenye anwani nyingine, na hivyo hivyo kituo hadi kituo. Anayekutoza fedha ili akutafutie simu iliyoibwa nchi nzima kwa anwani ya MAC anakuuzia upepo. Kampuni za simu hutumia IMEI, nayo utaipata kwa kubonyeza *#06# wakati simu ingali mkononi mwako.