Makampuni na taasisi kuu za Mombasa

Makampuni na taasisi kuu za Mombasa ni mashirika ya umma, viwanda, masoko na vyuo vinavyobeba uchumi wa jiji la Mombasa na vitongoji vyake katika pwani ya Kenya. Mombasa ni jiji la pili kwa ukubwa nchini humo baada ya Nairobi. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Mombasa ilikuwa na wakazi 1,208,333.

Mengi ya mashirika hayo yalianzishwa kwa sababu ya bandari, na hadi leo yanaitegemea kwa njia moja au nyingine. Ndiyo maana uamuzi kuhusu mahali pa kupakulia, kusafishia au kukagulia mizigo huwa ni uamuzi kuhusu ajira za wakazi wa jiji.

Bandari

Mombasa ina bandari mbili. Bandari ya Kale iko upande wa mashariki wa kisiwa, karibu na Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, na kwa karne nyingi ilipokea majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Bandari ya Kilindini iko upande wa magharibi. Jina lake linatokana na neno "kilindi", yaani mahali penye maji ya kina kirefu; kina hicho ndicho kilichowezesha meli kubwa kuingia.

Kilindini ilikua baada ya ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Tangu wakati huo bandari imekuwa mlango wa bahari si kwa Kenya tu, bali pia kwa Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Njia hiyo ya mizigo inaitwa Ushoroba wa Kaskazini, na ofisi kuu ya mamlaka inayoiratibu kwa niaba ya nchi wanachama iko Mombasa.

Hadi mwaka 1977 bandari za Kenya na Tanzania ziliendeshwa na shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lenye makao makuu Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika, Kenya iliunda Halmashauri ya Bandari za Kenya (KPA) mwaka 1978. KPA ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa pwani. Mwaka 2016 ulikamilika sehemu ya kwanza ya kituo cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo kutoka Japani.

Wafanyakazi wa gatini wana historia ndefu ya kutetea haki zao. Mgomo wa makuli wa mwaka 1939 na mgomo mkuu wa Januari 1947 uliosimamisha shughuli za mji ni kati ya matukio muhimu katika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya.

Reli ya kisasa na mgogoro wa makontena

Reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017. Ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa fedha zilizokopwa zaidi kutoka China. Treni za mizigo zilianza safari mwanzoni mwa mwaka 2018, na zilihitaji mizigo mingi ili mapato yasaidie kulipa deni.

Mwaka 2019 mamlaka zilielekeza kwamba makontena ya bidhaa zinazoagizwa kwa ajili ya Nairobi na bara yasafirishwe kwa SGR na kukaguliwa katika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Agizo hilo liligusa mnyororo mzima wa kazi. Kontena likikaguliwa Mombasa, huwapa kazi mawakala wa forodha, walinzi na wapakiaji wa maghala, madereva wa malori, mafundi wa magari na mama lishe wa kando ya barabara. Likipandishwa treni moja kwa moja kutoka gatini, kazi nyingi kati ya hizo huhamia Nairobi au hupotea kabisa.

Wakazi, wafanyabiashara na watetezi wa haki za binadamu waliandamana Mombasa mwaka huo. Waliolitetea agizo walisema kuwa reli hupunguza msongamano bandarini na uharibifu wa barabara. Septemba 2022 Rais William Ruto, mara alipoapishwa, alitangaza kwamba shughuli za kukagua na kuidhinisha mizigo zitarudishwa Mombasa.

Mafuta

Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi cha Changamwe kilianza kazi katika miaka ya 1960 kikiwa mali ya makampuni ya kigeni. Baadaye serikali ya Kenya iliingia kama mwanahisa. Mafuta yaliyosafishwa yalipelekwa Nairobi kwa bomba lililoanza kutumika mwaka 1978, chini ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya (KPC).

Mitambo ya kiwanda ilichakaa, na kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa kukawa nafuu zaidi. Mwaka 2013 usafishaji ulisimama, na matangi yake yakabaki kuwa ghala la mafuta. Kiwanda kiliwekwa chini ya KPC mwaka 2023. Tangu usafishaji usimame, Kenya huagiza petroli, dizeli na mafuta ya taa yakiwa tayari kwa matumizi. Meli huyapakua Kipevu, ambako gati jipya la mafuta lilizinduliwa mwaka 2022.

Saruji

Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na kiwanda chake kaskazini mwa kisiwa kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Uchimbaji uliacha mashimo mapana yasiyoota chochote. Kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda humo mivinje, mti unaostahimili chumvi na udongo hafifu. Majani yake makavu hayakuoza kwa urahisi, hivyo akaleta majongoo wayale na kuyageuza mboji. Leo mahali hapo ni Hifadhi ya Haller, inayotembelewa na wanafunzi na watalii.

Kwa miaka mingi mwanahisa mkuu alikuwa kampuni ya Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na kundi la Amsons kutoka Tanzania.

Mnada wa chai

Mombasa hailimi chai, lakini ina mmoja wa minada mikubwa ya chai duniani. Mnada ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, karibu na meli. Unasimamiwa na Chama cha Biashara ya Chai cha Afrika Mashariki (EATTA). Chai kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine huletwa katika maghala ya jiji. Waonjaji hupima sampuli kwa rangi, harufu na ladha, kisha madalali huiuza kwa niaba ya viwanda. Kwa hiyo bei anayopata mkulima wa Kericho au wa Rwanda hutegemea kwa sehemu kubwa siku ya mnada Mombasa. Pakistan, Misri na Uingereza ni kati ya wanunuzi wakubwa.

Feri ya Likoni

Hakuna daraja la magari linalounganisha kisiwa na Likoni moja kwa moja. Watu na magari ya pwani ya kusini huvuka kwa feri, na watembea kwa miguu hawalipi nauli. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na zaidi ya watu 250 wakafa. Ajali hiyo bado hutajwa kila suala la usalama wa kivuko linapojadiliwa. Usimamizi wa feri sasa uko chini ya KPA.

Elimu

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kilitokana na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa iliyoanzishwa miaka ya mwisho ya 1940 kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kiligeuka taasisi ya ufundi ya watu wote, na mwaka 2013 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Chuo cha Bahari cha Bandari huwafunza mabaharia na waendeshaji wa mitambo ya gatini, kazi ambazo vijana wa pwani hutarajia kuzipata jijini mwao.