KIMYA CHA HESHIMA SI KIBALI
Vizazi Mbalimbali Katika Kazi Moja

Kila mahali pa kazi pana ngazi mbili. Ya kwanza ni ngazi ya cheo, ambayo huandikwa katika barua ya ajira. Ya pili ni ngazi ya umri, ambayo haiandikwi popote, lakini kila mtu huijua. Ngazi hizo zikikubaliana, yaani mkuu wa kazi akiwa ndiye pia mkubwa kwa umri, kazi huendelea bila mtu kuzifikiria. Zikipingana, kijana akawa mkuu wa watu wa rika la baba yake, mara nyingi ukweli hukwama njiani. Yafaa kuchunguza kwa nini hukwama, na jinsi unavyoweza kupitishwa.

Kizazi ni nini?

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, watumishi walio wengi hustaafu kwa lazima wafikishapo miaka 60. Kwa hiyo mwaka 2025 mwalimu wa miaka 59 na mwalimu wa miaka 23 waliweza kukaa katika chumba kimoja cha walimu. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1966, na alikuwa mtoto wa shule wakati Azimio la Musoma lilipotolewa mwezi Novemba 1974, kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Wa pili alizaliwa mwaka 2002, wakati simu za mkononi zilikwisha kuingia nchini. Mwaka 1928 Karl Mannheim, mtaalamu wa elimujamii aliyezaliwa Hungaria, alieleza kwamba kizazi hakifanywi na miaka ya kuzaliwa peke yake, bali pia na mambo makubwa yaliyowapata watu pamoja katika ujana wao.

Wakazi wa Mkoa wa Mara walikuwa na elimu yao ya vizazi kabla ya Mannheim. Mbalibali, katika Wilaya ya Serengeti, jirani na Tarime, imo katika eneo ambalo jamii zake zilihesabu watu kwa njia mbili. Njia moja ni saiga, yaani rika la waliotahiriwa pamoja. Nyingine, kwa Wakuria, ni irikora (wingi, amakora), yaani kundi la kizazi. Mtu huzaliwa ndani ya irikora: mtoto huingia katika kundi linalofuata lile la baba yake, bila kujali mwaka wa kuzaliwa.

Hesabu hii huleta jambo la kushangaza. Kitinda mimba wa babu aweza kuzaliwa baada ya mjukuu wa kwanza wa babu huyo huyo. Hivyo mtu wa miaka 25 aweza kuwa “baba” wa mtu wa miaka 40. Isitoshe, makundi mawili yanayofuatana, kama baba na mwana, hutakiwa kustahiana. Bali kundi la babu na kundi la mjukuu huzungumza kwa wepesi na utani. Heshima, basi, haikupimwa kwa mvi tu. Ilikuwa na njia zake zilizojulikana, na penye stara nyingi kati ya wawili palikuwa na wa tatu aliyeweza kusema.

Mfano wa mihogo

Chukulia kwamba bwana shamba kijana anafika kijijini na kukuta dalili za ugonjwa wa michirizi ya kahawia katika shamba la mzee wa kamati. Virusi vya ugonjwa huo huenezwa na inzi weupe, na pia kwa kupanda pingili zilizoambukizwa. Shina laweza kuonekana zima, kumbe mizizi inaoza ardhini. Kijana anasimama mkutanoni, analitaja shamba la mzee, na kuagiza mihogo ing'olewe. Wazee wanajibu, “Tumesikia.” Kijana anaandika katika taarifa yake kwamba wamekubali. Msimu unaofuata pingili zile zile zinagawiwa kwa majirani.

Hakuna aliyesema uongo. “Tumesikia” ilikuwa stara, wala haikuwa ahadi. Aidha, wazee walijua jambo ambalo kijana hakulijua: pingili hizo zilitoka wapi, na ni mashamba gani yaliyozipokea. Lakini hakuwauliza, nao hawakuona sababu ya kumsaidia mtu aliyewaaibisha. Elimu mbili zilikuwa katika mkutano mmoja, na zote mbili zilipotea. Hasara yake huonekana jikoni.

Udhaifu huu si wa Mara peke yake. Mwaka 1951 Solomon Asch wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio la kulinganisha urefu wa mistari. Mtu mmoja aliketi na wenzake waliopangwa kwa siri kutoa jibu la kosa. Karibu theluthi moja ya majibu yake yalifuata kosa la wengi, ingawa jibu sahihi lilikuwa wazi machoni. Akipatikana mwenzake mmoja wa kusema kweli, ufuataji huo ulipungua sana. Na hao walikuwa wageni tu; hapakuwa na stara ya mzazi na mwana.

Kuifungua njia

Mkuu wa kazi mwenye busara hutenganisha mambo mawili. Uamuzi wa kitaalamu hufuata ushahidi. Namna ya kuufikisha hufuata heshima. Kosa la mkubwa huelezwa faraghani, au kupitia mtu ambaye desturi inamruhusu kusema. Katika kikao, wadogo hutoa taarifa kwanza, ili wasije wakafuata tu maneno ya wakubwa. Wazee huulizwa wanachokijua kabla ya kupewa agizo. Mwisho, mkuu haridhiki na “ndiyo”. Huuliza nani atafanya nini, na siku gani. Hali kadhalika, mzee anayeongozwa na kijana ana wajibu wa kutoficha ujuzi wake nyuma ya adabu.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Katika mkutano wa kijiji au wa shule, waandike nani alisema kwanza, nani hakusema kabisa, na ni maazimio mangapi yalitekelezwa baada ya mwezi mmoja. Kisha walinganishe orodha hizo. Penye wazee haliharibiki neno, wahenga walisema. Lakini ni sharti neno lenyewe liwafikie, na lao lisikilizwe.