Usingizi chini ya mabati: Kwa nini dari hushinda godoro jipya

MVUA ya jioni inapoanza kupiga mabati katika eneo la Suneka, Kaunti ya Kisii, mazungumzo hukatika sebuleni. Watu hulazimika kupaza sauti ili wasikizane, na mtoto aliyekuwa ameanza kusinzia huamka akilia.

Saa chache baadaye mvua husita, lakini baridi huingia. Mabati hupoteza joto lake haraka, na chumba ambacho saa nane za mchana kilikuwa kama tanuri huwa kimepoa kabisa kabla ya alfajiri.

Wengi hudhani kwamba dawa ya usiku wa aina hiyo ni godoro jipya au blanketi zito zaidi. Hata hivyo, anayechunguza kinachomwamsha atapata kwamba mara nyingi chanzo chake kiko juu ya kitanda. Ni paa lisilokuwa na dari.

Suneka iko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori, katika nyanda za juu ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mji wa Kisii ulio jirani uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku kipimo cha joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16 hivi.

Nyumba za kale za Abagusii, zilizojengwa kwa udongo na kuezekwa kwa nyasi, zilistahimili hali hiyo. Nyasi nene hunyamazisha mvua na kuzuia joto lisitoroke. Mabati yaliposhika nafasi yake yalileta manufaa mengi: hudumu kwa miaka, hayashiki moto na humwezesha mwenye nyumba kuvuna maji. Lakini zile kazi mbili za nyasi zilikosa wa kuzifanya.

Ili mtu alale vyema, chumba chake hakina budi kuwa na giza, utulivu na joto lisilopanda na kushuka ovyo. Jioni mwanga unapofifia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Wakati huohuo, joto la ndani ya mwili huanza kushuka kidogo. Utafiti kuhusu jeni zinazoiendesha saa hiyo ya mwili ndio uliowapa Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka wa 2017.

Kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 1999 kwamba sauti ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida hufikia desibeli 60 hivi. Mvua inayowafanya watu washindwe kusikizana, basi, imekipita kiwango hicho kwa mbali.

Baridi nayo huzaa hatari iliyo kubwa kuliko kukosa usingizi. Baadhi ya watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, kisha wakalala. Makaa yanayowaka mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyokuwa na rangi wala harufu.

Gesi hiyo hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Aliye macho huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asihisi lolote, na huenda asiamke tena. Makaa yanayoonekana kufifia huendelea kuitoa, kwa hivyo kungoja moto upungue si kinga.

Hatari nyingine huingia kwa kuruka. Katika nyanda za juu, malaria huzuka kwa misimu, na kwa kuwa wakazi hawana kinga ya kutosha mwilini, huwapata watu wa rika zote. Mnamo 2002, mlipuko wa ugonjwa huo uliyakumba maeneo ya milimani magharibi mwa Kenya, Kisii ikiwemo.

Mbu wanaoeneza malaria huuma hasa usiku, watu wakiwa wamelala. Mbu wa aina hiyo akigonga ukuta hupaa juu, na anapofika kwenye mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa, huingia ndani. Mwanya huo huachwa ili hewa na moshi vipite, lakini ndio mlango mkuu wa mbu.

Hapo ndipo dari inapoonyesha thamani yake. Kifaa kimoja hukabili mambo manne: hupunguza mshindo wa mvua, huzuia joto la mchana lisishuke kitandani, huhifadhi joto la usiku na kumfungia mbu njia. Anayelala mchana, kama vile mlinzi, muuguzi wa zamu ya usiku au mwendeshaji bodaboda, hufaidika maradufu.

Si lazima dari iwe ya gharama kubwa. Katika mashamba ya mpunga ya Ahero, Kaunti ya Kisumu, watafiti walijaribu dari za mikeka ya mafunjo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2009 yalionyesha kwamba mbu waliopatikana ndani ya nyumba walipungua sana. Mwaka huohuo, utafiti kutoka Gambia ulibainisha kwamba watoto waliolala katika nyumba zilizozibwa dhidi ya mbu hawakupungukiwa na damu kwa wingi kama wenzao.

Mwenye uwezo atatumia mbao, plaiwudi au jipsamu. Mwenye kipato kidogo anaweza kuanza na mikeka katika chumba cha kulala pekee, kisha akaendelea na vyumba vingine. Mkeka hauzimi kelele kama mbao, lakini hewa iliyo kati yake na mabati husaidia kuhifadhi joto.

Kabla ya kazi hiyo, mabati yanayovuja sharti yazibwe, kwa sababu dari yenye unyevu huota ukungu na kuoza. Kingo zake zishikane barabara na ukuta, la sivyo mbu na panya watapata upenyo. Mikeka ikae mbali na nyaya za umeme, na koroboi au mshumaa usiwashwe karibu nayo.

Manufaa mengine hayaonekani upesi. Katika nyumba nyingi, kuta za kugawa vyumba hazifiki kwenye paa. Taa ya sebuleni, sauti ya redio na moshi wa jikoni huruka juu ya ukuta na kumfuata aliyelala. Dari iliyotandazwa juu ya chumba hukatiza safari hiyo, kisha kazi inayobaki huwa ya pazia zito dirishani na simu kuzimwa mapema, kwani mwanga wake huchelewesha melatonini.

Hata hivyo, dari huja na wajibu. Chumba kilichozibwa juu hupitisha hewa kidogo kuliko awali, hivyo jiko la makaa ndani yake huwa hatari zaidi. Dirisha au matundu ya hewa yabaki wazi na yawekewe wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Ikiwezekana, matundu yawe kwenye kuta mbili zinazoelekeana ili hewa ipite.

Aidha, dari haichukui nafasi ya neti iliyotiwa dawa. Mbu mmoja aliyepenya mlangoni jioni anatosha kumwambukiza mtoto. Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, na kitanda kisogezwe mbali kidogo na ukuta ili aliyelala asiugemee wavu na kuumwa kupitia kwake.

Wanaoishi karibu na barabara kuu, ambako malori hupita usiku, wanashauriwa kukiweka chumba cha kulala upande wa nyuma wa nyumba. Hilo halimgharimu chochote anayechora ramani ya nyumba mpya, ila ni vigumu kulirekebisha ukuta wa matofali ukishasimama.

Mpangaji ndiye mwenye nafasi finyu zaidi, maana nyumba si yake na chumba kimoja hutumika kwa kupikia, kulia na kulala. Kwake, jambo la kwanza si dari. Ni kutoa jiko nje kila usiku kabla ya kufunga mlango, hata mvua ikinyesha, na kujifunika blanketi la pili. La pili ni kukubaliana na mwenye ploti kuhusu mikeka na wavu wa dirishani, vitu ambavyo vitabaki na nyumba hata mpangaji akihama.

Kwa mwenye kujenga, hesabu ni nyepesi zaidi. Fedha za dari ya chumba kimoja zikitengwa tangu siku ya kununua mabati, familia italala kwa utulivu mvua inaponyesha, na hakutakuwa na haja ya kuliingiza jiko ndani.